Gari la Mkwe Halikaguliwi

Kerende, 3 Machi

Nimerudi nyumbani na begi moja, vitabu vya mwaka wa tatu wa uhandisi, na barua ya kunisimamisha chuo kwa muhula mzima. Tuliandamana kwa sababu ya maji ya mabwenini, na mimi ndiye niliyepanda juu ya meza ya bwalo nikayasema kwa sauti yaliyokuwa yakisemwa na kila mtu chini chini. Barua inauita uchochezi. Mimi nauita kukitaja kitu kwa jina lake. Ikiwa kosa langu ni kusema kweli ikasikika, basi nitalivaa kosa hilo kama wengine wavaavyo nishani.

Baba, Mzee Heche, aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa. "Umekuja wakati wa kupanda," akasema. "Si vibaya."

Lakini si mimi peke yangu niliyerudi. Dada Sarah yupo. Aliolewa Mugumu miaka miwili iliyopita na Ezra, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, hawajajaliwa mtoto. Nimemkuta jikoni akisonga ugali kwa mkono mmoja, sufuria ameizuia kwa mguu. Mkono wake wa kushoto umevimba toka kwenye kiwiko hadi vidoleni.

"Nini hicho, Dada?"

"Mlango."

"Mlango gani una ngumi?"

"Irine," akasema bila kugeuka, "kachote maji."

5 Machi

Mvua. Tumepanda mahindi shamba la juu. Sarah anadondosha mbegu, mimi nafukia.

9 Machi

Nimemkabili Baba zizini. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi kama mtu anayekwenda kuhutubia mkutano: nikaanza na utu, nikapita katika sheria, nikaishia kwenye mkono wa Sarah. Alinisikiliza huku akimkwaruza ng'ombe mwekundu nyuma ya sikio.

"Umemaliza?"

"Bado, Baba."

"Basi pumzika kidogo, nami niseme. Unawaona hawa? Hawa ni wa Sarah. Ndio walioletwa na akina Ezra, na ndama wao. Sijauza kundi hili, isipokuwa dume mmoja aliyekupeleka wewe chuo. Mvua zikiisha, ukoo utakaa. Nitawaambia: ng'ombe wenu hawa, mtoto wangu huyu. Wakishaingia katika zizi la Ezra, ndoa imekufa. Hakuna atakayemgusa tena."

"Kwa nini tungoje mvua ziishe?"

"Mto umejaa. Na wazee hawaitwi kwenye matope."

Nikamwambia kwamba subira ya wazee wetu ni woga uliovikwa kanzu. Akarudi kumkwaruza ng'ombe wake. Hata hivyo nimelala nikiwa na furaha. Kundi lipo, limenona, na linatosha. Dada yangu ana mlango wa kutokea, nao una pembe na mikia.

12 Machi

Mvua.

17 Machi

Mama ana kidonda cha mguu kisichopona kwa sababu ya sukari. Kila juma hupelekwa Tarime kufungwa upya. Leo bodaboda iliteleza kwenye mteremko, wakaanguka wote wawili. Amerudi na bendeji imejaa tope, akicheka ili tusilie. "Nimepanda pikipiki, na pikipiki nayo ikataka kunipanda," akasema. Sarah alimwosha. Baba alisimama mlangoni akiutazama ule mguu kwa muda mrefu, kisha akatoka kwenda zizini kunyeshewa.

22 Machi

Ezra amekuja.

Alikuja na gari: Noah ya rangi ya fedha, inang'aa kama sahani ya harusi. Mama alipousikia mngurumo akajikokota hadi jikoni akaipa njia kisogo, kwa maana mama mkwe haonani ana kwa ana na mkwe wake wa kiume. Sarah aliingia chumbani akajifungia. Nikabaki mimi, ambaye ni shemeji, na shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa.

"Shemeji msomi! Nasikia chuo kimekutapika."

"Kilikula ukweli, ukawasha."

Akacheka mpaka akaegemea boneti. Ana uso mzuri, na hilo naliandika kwa uchungu. Uso wake ungenifanya nimpigie kura.

Kwa Baba aliinama. "Shikamoo, Tata," akasema, akimwita baba kwa Kikurya cha kubembeleza. Hakutaja mkono. Hakumtaja Sarah. Alisema amesikia habari za mguu wa mama, na moyo wake umeuma. Gari hili, alisema, lilikuwa la mwalimu, halijawahi kubeba gunia wala abiria. Alichukue Tata, mama apelekwe hospitali kama mama wa watu. Yeye atachukua lile kundi lililopo zizini.

Kundi la Sarah!

Nilimtazama Baba, nikingoja radi. Baba akasema, "Tumesikia, mura, kijana wangu. Tutalitazama."

Nilipopita nyuma ya gari, kabla hajaondoka nalo, nilinusa lami mbichi. Nani hupaka lami tumbo la gari zima?

23 Machi

Sijalala. Ezra si mjinga. Ng'ombe wakitoka, Baba hatakuwa na kitu cha kurudisha. Mtu huyu haji kuuza gari. Amekuja kuubomoa mlango wa dada yangu na kuondoka na bawaba zake.

30 Machi

Nimemuuliza Baba kwa nini hakukataa palepale.

"Mkwe ameleta kitu kwa ajili ya mama mgonjwa. Nikimwambia sikitaki bila sababu, nimemtukana. Nikishamtukana, ukoo wake utakuja kukaa na wetu kwa moyo gani?"

"Basi tulikague. Gari lile limeoza, Baba. Nipe dakika chache chini yake."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanieleza polepole, kama anayemweleza mgeni. Siku ng'ombe wa mahari walipokuja, wanaume wa nyumba yetu waliwakagua bila huruma: walifunua midomo, walivuta mikia, walimtembeza kila mmoja, wakamkataa aliyechechemea. Ndivyo inavyotakiwa, na siku hiyo hakuna anayekasirika. Lakini ng'ombe wakishaingia zizini, siku ya kukagua imepita. Tangu hapo mkwe hakaguliwi tena, wala kitu chake. Kulala chali chini ya gari la mkwe, naye amesimama juu yako, ni kusema kwamba ulimwoza binti yako kwa tapeli. Ni soni kwako, kwake, na kwa binti mwenyewe.

"Kwa hiyo tutatapeliwa kwa heshima," nikasema.

"Siku atakayolirudisha, litapelekwa Nyamisangura, mjini Tarime, kwa fundi Imrani. Yeye si Heche wala si wa akina Ezra. Atalitazama."

"Kwa hiyo ulimi wako umemwazima mtu baki!"

"Naam," akasema Baba, akainuka.

Nimeandika maneno yake kama yalivyo ili wajukuu wasome jinsi nyumba inavyobomoka huku wenyewe wakisalimiana.

2 Aprili

Palizi. Mvua ilianza tukiwa katikati ya shamba. Mgodi wa jirani ulilipua miamba mchana, tukadhani ni radi. Kisha ikaja radi yenyewe.

6 Aprili

Sarah anaweza kukunja vidole sasa. Leo amenisuka. Nikamuuliza atafanya nini ng'ombe wakisharudishwa. Akamaliza kwanza mstari mzima wa nywele.

"Nitalala," akasema. "Nitalala mpaka nichoke kulala."

10 Aprili

Nimevunja redio mbovu ya Mama nikatoa sumaku ya spika. Nimeifunga kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Bati lililo hai huivuta sumaku. Puti, ule unga unaokandwa na kusawazishwa na mafundi mahali bati lilipooza, hauivuti. Chuma hakijui adabu ya wakwe, ukikiuliza, kinakujibu.

12 Aprili, Jumamosi

Nitaandika yote, kama yalivyotokea, ijapokuwa mkono unakataa.

Walifika asubuhi: Ezra, baba yake mdogo mwenye kofia ya manyoya, na wazee wengine wawili. Mpango ulikuwa walale hapa, na Jumatatu gari lipelekwe kwa Imrani. Sarah aliwapelekea maji ya kunawa akiwa amepiga magoti, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kanga. Ezra alinawa bila kumtazama, akasema, "Umenenepa kwenu," na wazee wakacheka kwa upole.

Wakala. Mimi nikaenda kwenye gari.

Nilianza na sumaku. Kwenye milango ilishika vizuri. Nikaishusha hadi kwenye kizingiti cha mlango wa pembeni, ikaanguka mkononi mwangu kama tunda bivu. Nikaipandisha, ikashika, nikaishusha, ikaanguka. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: juu palilia kama debe, chini palijibu kama ukuta wa udongo. Nikafunua kapeti mbele ya kiti cha abiria. Uvundo ulipanda, harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Chini yake palikuwa na bati jipya jembamba, halikuchomelewa. Lilibandikwa kwa gundi. Nikaliinua kwa bisibisi, nikaiona ardhi ya boma letu, na kuku akipita.

Nikalala chali, nikaingia chini. Lami ilikuwa nene, ilipakwa juu ya tope. Nilipoichoma chesisi karibu na gurudumu la nyuma, bisibisi ilizama, na vipande vya kahawia vikaniangukia usoni kama majani ya chai.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Ezra, na nikaviona viatu vyake. "Unatafuta nini huko? Kazi ya kulala chali chini ya mwanaume ungengoja uolewe!"

Wazee wakacheka. Nikatoka. Nilikuwa na kutu kwenye kope.

"Natafuta chuma," nikasema. "Hakipo."

"Hicho chuo kilichokutapika ndicho kimekufundisha? Shukuru. Hata huko ulipelekwa na kwato za ng'ombe wangu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alitikisa kichwa mara moja, polepole. Niliona. Naandika kwamba niliona.

Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Wazee wangu, shikamooni," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ilivyotoka bwaloni, kubwa na safi, hata majirani wakasogea kwenye ua. "Mimi nimetoka chini ya gari hili, nami ninawaletea habari za huko. Juu ni rangi. Chini ni lami. Kati ya rangi na lami, ambako Mungu na kiwanda waliweka chuma, pamebaki vumbi. Kutu si dhambi. Kila chuma hushikwa na kutu. Lakini aliyeipaka lami alijua ilipo! Na aliyejua ilipo, kisha akalileta gari kwa mama mwenye kidonda, ili achukue kundi ambalo ni uhuru wa dada yangu, huyo tumwite nani? Mnasema mkwe hakaguliwi. Mimi nimemkagua. Nimekagua gari lake, nimekagua mkono wa mke wake, na kote nimekuta puti. Kiswahili kina neno kwa mtu huyo. Neno hilo ni mwizi!"

Jirani mmoja alipiga kigelegele, akakatisha katikati.

Nilingoja. Nimezoea kwamba baada ya neno la mwisho hufuata mshindo wa makofi. Palifuata kuku, na mbali kidogo mashine ya kusaga.

Mzee wa kofia aliweka chini kipande cha nyama alichokuwa hajakimaliza. Akaifuta mikono yake, kidole kwa kidole. "Heche," akasema kwa utulivu, "tumekula kwako. Tumeitwa wezi tukiwa na chakula chako mdomoni. Tunauliza jambo moja. Ulimi huu ni wako?"

Baba alinitazama. Nimekwisha kutazamwa na mabaraza ya nidhamu, na polisi, na wakuu wa vitivo. Sijawahi kutazamwa hivyo. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Ilikuwa huzuni ya mtu aliyebeba mtungi kwa mwendo mrefu, ukamponyoka mlangoni.

"Si wangu," akasema. "Mtoto ameropoka. Gari nimelichukua."

"Na fundi wa Tarime?" akauliza mzee wa kofia.

"Fundi wa nini? Gari la mkwe wangu halina haja ya fundi."

"Baba!" nikalia. "Baba, umeona mwenyewe..."

"Fungueni zizi," akasema.

Ng'ombe mwekundu alitoka wa kwanza. Baba aliwataka jambo moja tu: ng'ombe waswagwe moja kwa moja mnadani, wasikanyage zizi la Ezra, kwa kuwa wakilikanyaga watakuwa wamerudishwa, na itakuwa ameivunja ndoa mbele ya watu aliotaka kuwaridhisha. Wakakubali upesi. Ezra alimkabidhi Baba funguo kwa mikono miwili, ameinama.

Sarah alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipopotea kwenye kona ya mkonge. Kisha akaingia kuosha vyombo.

13 Aprili

Mvua usiku kucha. Hakuna anayesema nami. Hapana, si kweli: Mama amesema, "Kula."

14 Aprili

Siku ambayo gari lingekwenda kwa fundi.

20 Aprili

Ndani ya gari kuna maji. Ukikanyaga kapeti linatema.

24 Aprili

Nilimfuata Sarah mtoni. Nikamwambia nilimtetea. Nikamwambia kwamba asiyesema mbele ya dhuluma ameitia sahihi.

"Najua," akasema. "Ulisema vizuri sana, Irine. Hata mimi nilitaka kukupigia makofi." Akaikamua kanga kwa mikono miwili, ule wa kushoto ukitetemeka. "Lakini hukuniuliza."

2 Mei

Nimempeleka Mama Tarime kwa gari hilo. Nina leseni, na Baba hakukataza. Kabla ya kupanda, Mama alitandika kanga yake juu ya kiti, kisha akaongeza ya pili. "Kiti amekalia mkwe," alieleza kwa aibu, kama anayeomba radhi kwa sheria asiyoitunga. Kwenye madimbwi maji yaliruka kutoka sakafuni yakailowanisha bendeji iliyokwenda kubadilishwa.

Alipokuwa anafungwa kidonda, nililipeleka gari Nyamisangura, gereji ya fundi Imrani. Ni mtu mnene, mcheshi, kofia ya sala imeingia mafuta. Hakuhitaji kuinama, aliusikia mlango ukifungwa, akasikitika.

"Wewe ndiye binti wa Mzee Heche? Mbona mmelileta sasa? Nililingoja Jumatatu ile mpaka jioni. Hata ahadi za Musoma niliziahirisha."

"Ulilingoja?"

"Mzee alinipigia simu tangu mwezi wa tatu. Kila juma ananikumbusha, mpaka nikamwambia, mzee wangu, mimi si mtoto. Akasema: fundi, litaletwa gari la mkwe wangu. Ukikuta kutu, useme mbele ya wazee. Na usipoikuta," hapo Imrani akacheka, akajipiga paja, "usipoikuta, useme vilevile! Nikamwuliza, sasa mzee, unataka niseme uongo? Akasema, nataka gari lirudi lilikotoka bila mtu kuvunjiwa heshima, kwa sababu nina kundi la binti yangu hapa na siwezi kulitoa." Akaacha kucheka. Nadhani alikuwa ameuona uso wangu. "Kwani ilikuwaje?"

Nikasema mto ulijaa.

Nimeketi ndani ya gari mbele ya hospitali nikiandika haya. Mvua inapiga paa. Paa ni zima. Paa ndilo la mwisho kuoza.

Alikuwa ameshakataa. Tangu siku ya kwanza, tangu "tutalitazama", alikuwa ameshakataa. Alikuwa akiubeba mtungi polepole, kwa njia ndefu isiyo na mawe, na alikuwa amebakiza siku mbili. Nami nilidhani anayekwenda polepole haendi.

3 Mei

Nilikusudia kumwambia kwamba najua. Nilimkuta amelala chali chini ya gari, miguu tu imetokeza, ndala moja imemvuka.

"Irine, lete tochi."

Nikaingia upande wa pili. Tulilala tukitazama juu, kama watu walio chini ya anga mbaya. Sasa gari ni lake, anaweza kulala chini yake bila soni. Alipitisha kidole kwenye chesisi. Kutu ikamwangukia kwenye ndevu.

"Hapa?"

"Hapo, Baba. Na pale, karibu na gurudumu."

"Panachomeleka?"

"Baadhi. Imrani anasema linaweza kutembea mwaka mmoja, labda zaidi."

"Litabeba watu wa mnadani," akasema. "Litabeba mkaa. Litazaa ng'ombe mmoja, kisha mwingine. Polepole."

Nikamgeukia. Akanifuta kutu shavuni kwa kidole gumba, akanipaka nyingine zaidi.

"Imrani amekwambia," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, Baba."

"Ulisema kweli siku ile. Yote." Akaizima tochi. "Ningekuambia mpango wangu. Lakini nilijua usingeweza kunyamaza nao. Nikaogopa ulimi wako kuliko nilivyokuamini wewe. Hilo nalo ni kosa."

Tulibaki pale mpaka Mama akauliza kwa sauti kama tumekufa.

9 Mei

Palizi ya pili. Mahindi yamenifika kiunoni.

18 Mei

Ezra ametuma ujumbe kwa simu ya Baba: mvua zimepungua, njia inapitika, mke wake arudi.

Baba alimwita Sarah, akamsomea. Kisha akamwambia anaweza kukataa, ukoo ukae hivyo hivyo, mikono mitupu. Nikasema tuende polisi, dawati la jinsia, mahakamani. Nikasema nitaandika, nitapiga simu, wapo wanasheria. Nilisema nikiwa nimeketi, kwa sauti ya chini, lakini nilisema.

"Mlango hauwezi kutoa ushahidi," akasema Sarah. "Mkono umepona, Irine. Tazama." Akaukunja, akaunyoosha. "Na nikikaa hapa bila ng'ombe kurudi, atakuja kunidai kwa Baba kila mwezi, na wazee watakaa upande wake. Baba hatalala. Acha niende. Gari likizaa, mtanifuata."

"Gari halizai, Dada."

"Najua," akasema. "Baba asisikie."

25 Mei

Jua. Siku ya kwanza nzima bila mvua. Baba amefagia zizi, ijapokuwa hakuna kilicholichafua.

1 Juni

Nimempeleka mimi. Baba alitaka kumwita dereva, Sarah akasema hapana, Irine. Mama alimwekea unga wa mtama, na kanga zile mbili. Baba alimshika kichwa kwa viganja vyote viwili, akasema maneno ya Kikurya ambayo sitayaandika, maana hayakuwa ya kwangu.

Barabara ya Mugumu ilikuwa imekauka juu, laini chini. Tulivuka daraja la Mto Mara, maji mekundu yakiwa bado yamefura. Sarah alikaa mbele, pembeni yangu. Imrani amechomelea chesisi, ila sakafu ya upande ule alisema ingoje. Baada ya mto, Sarah aliinama akafunua kapeti, akaliondoa lile bati, akaanza kuitazama barabara ikipita kati ya miguu yake.

"Unafanya nini, Dada?"

"Natazama ulichokiona."

Vumbi lilipanda kupitia tundu likamkaa kwenye sketi. Hakulipangusa. Nyasi, jiwe, alama ya gurudumu, jiwe. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo na kilele, kuhusu soni na chuma, kuhusu Baba, kuhusu mimi. Nikaliendesha gari.

Nyumba za Mugumu zilipoanza kuonekana, Sarah alilirudisha bati mahali pake, akalilaza kapeti, akalikanyagia pembe zote kwa kisigino mpaka likatulia.

"Asione kwamba tumeona," akasema. "Ukishaondoka wewe, nitakuwa peke yangu na yale uliyoyasema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ezra alitoka akiwa na shati jeupe, tabasamu lake lile lile. Hakwenda kwa Sarah. Alilizunguka gari kwanza, polepole, akipapasa boneti, kisha akainama mbele ya kizingiti cha mlango wa pembeni, akagonga kwa kifundo cha kidole. Puti ikajibu. Akanitazama, na macho yake yalikuwa yakicheka.

"Eh, mhandisi! Si nilikuambia gari imenyooka? Imekufikisha ama haijakufikisha?"

Nilihisi kweli yote imepanda hadi kooni, kama ilivyopanda bwaloni, kama ilivyopanda juu ya kinu, na ilikuwa kweli ile ile. Sarah alikuwa ameketi bado, miguu miwili imesimama juu ya kapeti, ananitazama.

"Imenyooka, shemeji," nikasema.

Akacheka, akanipiga bega. Dada akafungua mlango, akashuka, akajitwika unga, akaingia ndani.